Mkwe Asiyekula Chapati

Nilizaliwa Namboboto, mahali ambapo chapati ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa, tena tarehe moja na Yesu. Mwaka mzima tulikula ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi unaong'aa kama kiatu cha polisi siku ya gwaride. Krismasi ikifika, mama alinunua paketi ya unga wa ngano, akaukanda, na harufu ya chapati ya kwanza ilitutoa watoto mtoni, mitini, hata kitandani tulikolala na malaria. Nilimwona ndugu yangu akipona surua kwa kunusa tu. Nami nikaapa, nikiwa bado na meno ya utoto, kwamba nikikua nikajitegemea nitakula Krismasi kila siku.

Nikakua. Nikahamia Malaba kushona turubai za malori. Pale mpakani malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda, foleni ambayo siku mbaya nadhani mkia wake huwa bado unapakiwa bandarini Mombasa. Turubai ikipasuka, dereva hutafuta mtu mwenye sindano kubwa na uzi wa nailoni, na mtu huyo ni mimi. Nimeshona turubai za kutosha kulifunika Ziwa Victoria ili mvua isiwanyeshee samaki. Jioni niliingia darasa la watu wazima, lile watu huliita ngumbaru, nikikaa kwenye dawati la mtoto magoti yakinigusa kidevu, mpaka nikapata cheti changu cha kidato cha nne. Somo nililolipenda ni baiolojia. Hata leo ukinipa nafasi nitakueleza habari za utumbo mdogo mpaka chakula chako kipoe.

Kiapo changu nilikitimiza kwa bidii. Asubuhi, chai na chapati. Saa nne, mandazi, maana turubai haishonwi kwa tumbo tupu. Mchana, chapati na maharagwe. Jioni, chapati iliyokunjwa na mayai ndani, ile jirani zetu wa Uganda huiita roleksi, ambayo mtu akiila mara moja husahau kwao. Chapati nilizokula Malaba zikitandikwa barabarani zingefika Tororo, zigeuke, zirudi kupitia njia nyingine.

Lakini tumbo langu halikusherehekea pamoja nami. Lilikuwa linajaa upepo kama gurudumu. Nikila linavimba, nikilala linanguruma, na mwili wenyewe ukawa unakonda huku mdomo ukizidi kufanya kazi. Nilikunywa dawa za minyoo hadi minyoo ya majirani ikahama. Nilikunywa mwarobaini. Niliombewa. Mwisho, nilipoanza kuona kizunguzungu juu ya lori, nikaenda hospitali, wakanitoa damu, wakanimezesha kamera iliyofungwa kwenye mpira mrefu, nayo ikaenda kuona mambo ambayo hata mama yangu hajui.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akanikalisha, akaniambia, "Mzee, mwili wako haupatani na ngano. Ukila ngano, utumbo wako unajipiga wenyewe. Dawa yake ni moja, kuacha."

"Kwa muda gani, daktari?"

"Maisha."

"Hata kidogo kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na Krismasi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nikitembea kama mfiwa, na kila kibanda nilichopita kilikuwa kinageuza chapati. Nilikuwa sijawahi kuona kwamba Malaba yote imejengwa kwa ngano. Ukiondoa ngano, nadhani yangebaki malori na wale wanaobadilisha pesa.

Mama wa kibanda aliyekuwa akinipikia chapati ndiye aliyeumia zaidi. Nilipomwambia anipe chai tupu, aliweka mkono kiunoni akaita watu waje waone.

"Boss, umeokoka ama?"

"Hapana, mama. Ni tumbo."

"Tumbo gani inakataa chapati yangu? Hii tumbo si nimeilea mimi mwenyewe?"

"Daktari amesema ngano ni sumu kwangu."

"Basi mimi nimekuwa nikikuua polepole," akasema, akigeukia madereva, "na nyinyi wote mnaona vile hafi!"

Madereva wakacheka, chai ikamwagika. Lakini kesho yake, bila kuniambia kitu, aliniwekea viazi vitamu vilivyochemshwa kando ya kikombe, vimefunikwa kwa sahani ili wateja wengine wasivitamani.

Kuacha chapati, nikagundua, ni kazi nyepesi. Chapati unaiona. Kazi ni ile ngano iliyojificha. Inajificha ndani ya mchuzi wa hoteli ambao mpishi ameufanya mzito kwa kijiko cha unga. Inajificha ndani ya soseji. Siku moja nilinunua unga wa uji soko la Matayos, wimbi safi, nikijisifu kwamba sasa nimerudi kwa chakula cha mababu. Nikanywa uji ule nikalala chini ya lori nikiwalilia mababu wenyewe. Nilipomrudia muuzaji, akanieleza kwa fahari kwamba ule ni uji wa nguvu: kuna wimbi, mtama, soya, karanga, omena kidogo, "na ngano, dada yangu anasema inanenepesha watoto." Tangu siku hiyo nikawa mtu wa maswali. Nilihoji mchuzi, nilihoji uji, nilihoji hata mafuta yaliyokaangia samaki. Wapishi wa Malaba wakinitazama nikija walianza kujitetea kabla sijasalimia.

Katika kuhojihoji huko ndiko nilikompata mke wangu. Alikuwa binti wa Bukhayo aliyeuza mihogo ya kuchemsha karibu na kituo cha pikipiki, ndani ya karai lililofunikwa kwa jani la mgomba. Nikamwuliza, "Dada, umeweka nini kwa hii mihogo?"

"Maji."

"Na nini ingine?"

"Chumvi."

"Na nini ingine?"

"Sasa wewe unataka nikuandikie kitabu? Muhogo ni muhogo!"

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nilikula muhogo wake kesho yake, na kesho kutwa, na mwili wangu ukaanza kurudi. Mashavu yalirudi kwanza, kisha nguvu, kisha utani. Nilipanda malori kama nyani. Mwaka ule nilinenepa hadi mkanda wangu ukaomba likizo. Nilipomwambia kwamba ningependa kula mihogo yake mpaka meno yaishe, alisema meno yangu yeye hayamhusu, niende kwao nikaseme mbele ya wazee.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwetu Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana kijiani mmoja huingia vichakani ampishe mwenzake. Si chuki. Ni heshima nzito kiasi kwamba mtu anaweza kuwa na mama mkwe miaka yote asijue rangi ya macho yake. Basi jambo la tumbo langu ningempelekeaje mama wa watu? Nilimwambia mchumba wangu. Mchumba akaona haya kuzungumza habari za tumbo la mwanamume mbele ya mama yake mzazi, akamwambia senje wake, yaani shangazi, dada ya baba yake. Senje ndiye akafikisha ujumbe jikoni.

Na senje, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa kufikiri. Aliposikia kuna mgeni ambaye hospitali imemkataza chapati, alijua moja kwa moja ni ugonjwa gani, kwa sababu huku kwetu mtu akikatazwa chakula ni sukari. Na mwenye sukari anajulikana dawa yake: asiguse vyeupe, ale vya kahawia. Chapati ya kahawia, ile ya unga wa ngano uliosagwa na maganda yake, ndiyo chakula cha wagonjwa wenye heshima. Basi akamwambia mama mkwe, "Huyo kijana hali unga mweupe." Na mama mkwe akatuma watu Busia mjini kutafuta unga wa kahawia, akawaambia wanawake wote watoke kwenye jiko, hizo za mkwe atazikanda mwenyewe.

Mimi sikujua lolote. Siku ilipofika nilivaa koti, nikaongozana na baba mdogo, msemaji wetu, pamoja na wazee wachache. Baba mdogo ni mtu wa maneno. Akianza salamu, chai hupoa mara mbili. Tukapokewa vizuri, tukakaa sebuleni, maombi yakaombwa marefu ya kutosha kuiombea Afrika Mashariki yote. Babake binti alikaa kwenye kiti chake macho chini, kama mtu anayengoja kuona mwenyewe.

Chakula kikaanza kuingia. Kuku. Wali. Ugali mweupe. Nyama. Nikafurahi moyoni: wali upo, ugali upo, leo nitakula kama mtu. Nikanyoosha mkono kwenye wali. Senje akausogeza.

"Hapana, mkwe wetu. Hivi vyeupe ni vya wenzako."

Akaondoa wali. Akaondoa ugali. Akaondoa kila kitu ambacho mwili wangu ungekipokea. Kisha akaleta sinia moja peke yake, limefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa maua, akaliweka mbele yangu, akakifunua taratibu kama mtu anayezindua mnara. Chapati za kahawia. Nene, za duara kamili, zikitoa moshi.

"Mama mkwe wako," akasema kwa sauti ya chini, "amezikanda kwa mikono yake mwenyewe tangu alfajiri. Hajaruhusu mtu kuzigusa."

Watu wote walinitazama. Kula chakula cha mama mkwe ni kusema nimewakubali. Kukikataa ni kusema vingine, na hakuna mtu pale ambaye angehitaji kuelezwa vingine ni vipi. Baba mdogo aliinama sikioni mwangu.

"Kula."

"Baba, ni ngano."

"Kula, mwanangu. Utaugulia nyumbani."

"Nitaugua wiki mbili."

"Na ukikataa utaugua bila mke."

Nikaitazama ile chapati. Ilikuwa imekandwa vizuri kuliko chapati yoyote niliyowahi kuona, na nimeona nyingi. Niliimega kipande. Nikakiinua. Kisha nikafikiri: kama nitaanza kwa kula uongo katika nyumba hii, nitaula kila nikija, Pasaka, Krismasi, arusi za mashemeji, na kila mara nitarudi Malaba nimejikunja kama turubai. Na mama wa watu ataendelea kukanda tangu alfajiri akidhani ananiponya. Nikakirudisha kipande kwenye sinia.

Babake binti aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Kuna shida, kijana?"

"Mzee, shida ni yangu, si ya chakula," nikasema. "Sina sukari. Mwili wangu unakataa ngano yenyewe. Nyeupe ni ngano, na ya kahawia ni ngano hiyohiyo, haijavuliwa koti tu. Nikila hii, nitaumwa. Na siwezi kuumwa nyumbani kwenu nikificha."

Senje alikimbilia jikoni. Nje, nyuma ya dirisha la jikoni, sufuria lilianguka. Halafu tukasikia sauti ya mwanamke. Alikuwa mama mkwe. Hakuwa anazungumza nami, hilo lisingewezekana. Alikuwa anazungumza na kuku.

"Wewe kuku! Mtu anakanda tangu asubuhi mpaka mabega inauma, alafu anaambiwa ni sumu! Hiyo ni maneno?"

Kuku hakujibu. Nikamtazama baba mdogo, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na neno. Basi nikageukia ukuta, ukuta wa watu uliopakwa rangi ya samawati, nikaueleza kwa heshima zote.

"Ewe ukuta," nikasema, "wewe unajua kwamba mikono iliyokanda chapati hizi ni mikono ya shukrani. Kama ningeweza, ningezimaliza zote na sinia."

Huko nje mwiko uligonga sufuria.

"Kuku," sauti ikasema, imeshuka kidogo, "uliza huyo mtu kwao hula nini kama hawali chapati."

"Ukuta, waambie tunakula ugali wa mtama na muhogo."

"Ile nyeusi?"

"Ile nyeusi."

"Kuku, mimi sijawahi kupatia mkwe ugali nyeusi. Hiyo ni ya sisi watu wa jikoni. Watu watasema nini?"

"Ukuta, kama iko, naomba ile ya watu wa jikoni. Hata ukoko wake."

Sebule ikaanza kucheka, mzee mmoja wetu mpaka kikohozi kikamshika. Babake binti peke yake hakucheka. Akaniuliza lile jambo ambalo nilijua litaulizwa.

"Na huu ugonjwa, watoto wataupata?"

Nikamwambia kweli niliyoambiwa hospitalini na niliyoisoma baadaye mwenyewe: kwamba unaweza kutembea katika ukoo, si lazima, lakini unaweza. Kwamba haumwambukizi mke wala jirani. Kwamba nikila vizuri mimi ni mzima, na wazima wengine wananihusudu. Nilitaka kuongeza habari za utumbo mdogo lakini baba mdogo alinikanyaga mguu.

Mzee alifikiri. Alichukua muda mrefu, nadhani ng'ombe wa jirani walizaa. Kisha akasema, "Watoto wakiupata, watakula kile tulicholelewa nacho sisi. Mimi sikumbuki chapati ikinilea."

Senje akarudi kutoka jikoni. Alikuwa amebeba sahani ndogo ya kawaida, haina kitambaa, na juu yake ugali mweusi uliokatwa kwa mwiko, wa moto, na kando yake kibakuli cha mchuzi wa samaki wa jikoni. Aliuweka mbele yangu kwa aibu kama mtu anayeonyesha nguo za ndani za nyumba. Nikanawa tena. Nikamega, nikafinyanga, nikachovya, nikala. Sitii chumvi nikisema machozi yalinitoka, ingawa huenda yalikuwa ya pilipili. Niliendelea mpaka sahani ikawa safi kama iliyooshwa, halafu nikaugeukia ukuta nikauomba uniongezee, kama upo.

Nje, mtu alicheka. Kicheko kifupi, kilichozuiwa kwa leso.

Babake binti aliitazama sahani yangu ya pili, kisha akamwita senje. "Nami nipatie kidogo ya hiyo." Mwingine akasema hata yeye. Ikawa hivyo, wazee waliokuja kwa suti wakamaliza chungu cha wanawake, na wanawake wakakaa jikoni wakila wali na kuku wa wageni, wakicheka kuliko sisi. Mazungumzo mengine yote ya siku ile yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Baba mdogo alipata maneno yake tena, akayatumia yote.

Tulipoaga, chapati za kahawia zilikuwa bado zipo, na hakuna aliyekubali ziharibike. Senje alizifunga kwenye mfuko, akampa baba mdogo. Mchumba wangu alitusindikiza hadi barabarani, akatembea kando yangu, kidogo nyuma, kama inavyotakiwa. Baba mdogo alikuwa mbele, tayari ameshafungua mfuko.

"Huyu mama anajua kupika," akasema akitafuna. "Kama wewe ni mjinga wa kuziacha, mimi si mjinga."

"Baba, acheni hata moja ifike nyumbani."

"Kwa nani? Kwa wewe mgonjwa?"

Mchumba wangu alicheka, kisha akaninong'oneza kwamba mama yake amemtuma swali. Nikasimama.

"Anauliza, huo ugali, wewe unapenda mtama uzidi ama muhogo uzidi. Ndio ajue kusaga."

Baba mdogo aliacha kutafuna ili asikie. Nilitaka kujibu kitu cha hekima, kitu cha mtu aliyesoma, lakini hakikuja.

"Mwambie muhogo uzidi kidogo," nikasema. "Kidogo tu. Ushikane."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akageuka, akarudi nyumbani kwao akitembea haraka, karibu kukimbia, kupeleka jibu kabla hawajaanika mtama na muhogo wa kusaga.